Kuotesha Choroko Zenye Antioksidanti Nyingi: Mwongozo kwa Jiko la Tabora na Kigoma

Mtu yeyote wa Tabora aliyewahi kuandaa kimea kwa ajili ya togwa anajua nusu ya kazi itakayoelezwa hapa. Nafaka hulowekwa, huchujwa, hufunikwa kwa gunia lenye unyevu, na baada ya siku mbili au tatu huonyesha vimizi vyeupe. Tofauti iko katika lengo. Mwenye kimea anatafuta vimeng'enya vya kuvunja wanga ili uji ulainike na kupata utamu, kwa hiyo huukatisha uotaji mapema na kuanika nafaka yake juani; sisi tunataka choroko, dengu au kunde ziendelee kukua siku moja au mbili zaidi, na katika muda huo tunazipa misukosuko midogo ya makusudi ili zijitengenezee kinga ambayo baadaye itakuwa chakula chetu. Ujuzi huu usihamishiwe kwenye mtama wenyewe: mche mchanga wa mtama una kemikali inayotoa sianidi, na machipukizi yake si mboga.

Kinachotafutwa ndani ya punje

Antioksidanti ni jina la pamoja la kemikali zinazozituliza molekuli korofi ambazo huzaliwa ndani ya chembe hai wakati oksijeni inapotumika. Katika mimea ya jamii ya kunde, zilizo muhimu ni vitamini C, vitamini E, karotenoidi na kundi kubwa la fenoli, ambalo ndani yake zimo flavonoidi na tanini. Punje kavu ya choroko ina vitamini C kidogo sana. Ikishanyonya maji na kuanza kuishi, huigeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na kutokana na sukari hiyo hutengeneza vitamini C mpya, hata gramu 100 za machipukizi mabichi zikawa na takriban miligramu 13, ingawa asilimia 90 hivi ya uzito huo ni maji matupu. Jambo hili si geni kwa wanasayansi: mwaka 1919 Harriette Chick na Ellen Marion Delf, waliofanya kazi London, walichapisha utafiti uliolinganisha mbegu kavu na zilizooteshwa katika kuzuia kiseyeye, ugonjwa unaotokana na ukosefu wa vitamini C, na zilizooteshwa ndizo zilizofaa.

Fenoli zina hadithi tofauti kidogo. Mmea hauna miguu ya kukimbilia kivulini wala mikono ya kufukuza ukungu, kwa hiyo hujihami kwa kemikali. Mche mchanga unapokutana na mwanga, chumvi au baridi ya ghafla, kimeng'enya kijulikanacho kwa kifupi kama PAL huongeza kasi yake, huichukua asidi amino iitwayo fenilalanini, na kuianzisha katika njia ndefu ambayo mwisho wake ni fenoli na flavonoidi. Hiyo ndiyo siri nzima ya mwongozo huu: mche usidekezwe, lakini usiteswe hadi ukadumaa.

Nitoe tahadhari kuhusu tarakimu zinazosambazwa. Ukisoma kwamba kuotesha huongeza antioksidanti mara kadhaa, uliza kwanza kama hesabu ilifanywa kwa uzito mkavu au kwa uzito wa sahani, kwa sababu machipukizi yaliyojaa maji hayawezi kulinganishwa hivihivi na punje kavu. Pia nguvu inayopimwa ndani ya chupa ya maabara si lazima iwe nguvu ileile ndani ya mwili. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliiondoa orodha yake ya vipimo vya ORAC, iliyokuwa ikipanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, kwa kuwa wauzaji walikuwa wakiitumia vibaya kunadi bidhaa zao. Machipukizi ni mboga bora na ya bei nafuu, na hayo yanatosha kuwa sababu ya kuyaotesha.

Kuchagua mbegu

Kwa anayeanza, choroko ndiyo mbegu ya kwanza kujaribu. Huota haraka, ganda lake ni laini kiasi cha kuliwa, na katika mkoa wetu hulimwa Igunga na Nzega, hivyo haikosekani sokoni. Dengu hufuata, kisha adesi kwa wanaozipata. Kunde huota vizuri lakini machipukizi yake huwa magumu mapema, na njugu mawe huhitaji uvumilivu kwa sababu ganda lake huchelewa kupitisha maji.

Rangi ya ganda ina maana kubwa. Katika njugu mawe na kunde, zenye ganda jekundu au jeusi kwa kawaida huwa na fenoli nyingi kuliko nyeupe, na katika choroko sehemu kubwa ya flavonoidi ziitwazo viteksini na isoviteksini imo ndani ya lile ganda la kijani. Kwa hiyo choroko zilizokobolewa na kupasuliwa hazifai hata kama zingekuwa safi kiasi gani, kwanza kwa sababu haziwezi kuota, na pili kwa sababu tulichokuwa tukikitafuta kimeshapepetwa na kwenda na upepo.

Nunua mbegu za msimu wa karibuni zilizouzwa kama chakula, na usinunue kamwe mbegu za kupandia kutoka duka la pembejeo. Mbegu za kupandia mara nyingi hupakwa dawa ya kuua ukungu na wadudu, na rangi yake ya waridi, bluu au kijani kikali imewekwa ili mtu asizile. Kuziosha hakuondoi sumu hiyo. Hata za sokoni zinahitaji kuulizwa, kwa kuwa choroko hushambuliwa sana na fukusi na wafanyabiashara wengine huzichanganya na dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani na kilo mbili nzuri machoni, nikaona vumbi jeupe likibaki kwenye kiganja na kusikia harufu kali iliyofanana na ya ghala la tumbaku siku ya kupuliza dawa. Kilo hizo zilikwenda shimoni. Aliyehifadhi choroko zake katika mifuko isiyopitisha hewa hana haja ya dawa, na muuzaji wa namna hiyo akipatikana ashikwe kwa mikono miwili.

Maharage yanahitaji onyo la peke yake, hasa kwa wasomaji wa Kasulu, Kibondo na Buhigwe ambako ndicho chakula cha kila siku. Maharage ya kawaida, na zaidi yale mekundu, yana lektini inayosababisha kutapika na kuharisha vikali, na kuotesha hupunguza lektini hiyo bila kuimaliza. Ukiyaotesha, lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 na kisha yapikwe hadi yaive kabisa. Moto mdogo wa kufukiza haufai, kwani joto lisilofikia kuchemka huweza kuyafanya yawe mabaya kuliko mabichi. Fiwi nazo ziachwe kabisa katika kazi hii, kwa sababu baadhi ya aina zake hutoa sianidi.

Kuloweka

Chukua kikombe cha robo lita cha choroko, ambacho ni takriban gramu 200, uzichague kwenye ungo na kuondoa zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizokunjamana. Punje iliyovunjika haioti, huoza, na kuoza kwake huenea kwa jirani. Zioshe mara tatu kwa maji safi, kisha uzimimine katika bakuli lenye maji mara tatu ya ujazo wake. Maji yawe yale ambayo ungekunywa: ya bomba yaliyotibiwa, au ya kisima au ya ziwa yaliyochemshwa na kupoa. Ziache saa 8 katika miezi ya Juni na Julai usiku unapokuwa wa baridi, na saa 6 katika joto la Septemba na Oktoba. Zaidi ya hapo punje hukosa hewa na kuanza kuchacha.

Maji ya kulowekea yatakuwa na rangi ya manjano. Rangi hiyo ni sehemu ya fenoli na tanini zilizoyeyuka, na ndiyo maana machipukizi ya siku ya kwanza yakipimwa huweza kuonyesha fenoli pungufu kuliko punje kavu. Zinazotengenezwa upya huja baadaye. Wapo wanaotaka kuyahifadhi maji hayo wakiona ni hasara kuyamwaga. Nayamwaga kwenye shina la mpapai, kwa sababu pamoja na rangi yamebeba vumbi, vijidudu na sukari zinazojaza tumbo gesi.

Siku mbili za giza

Mimina choroko kwenye chujio pana la plastiki au ndoo ndogo iliyotobolewa matundu mengi chini, uzitandaze zisizidi unene wa vidole viwili, na uzifunike kwa kitambaa safi cha pamba kilicholowa. Chini weka sinia la kukinga matone, lakini chujio lisikae ndani ya maji. Weka mahali penye giza na hewa, mbali na jiko na mbali na nyama mbichi.

Zisuuze kila baada ya saa 8 wakati wa baridi, na kila baada ya saa 4 hadi 5 mchana wa joto, ukimimina maji mengi na kuyaacha yachuruzike yote. Kusuuza si kunywesha tu. Kunaondoa joto, kwa sababu punje zinazoota hupumua na kujipasha moto zenyewe, na kunaondoa uchafu unaolisha vijidudu. Kundi langu la kwanza lilioza mwezi Oktoba kwa kosa dogo tu: nilisuuza asubuhi na jioni kama nilivyozoea kimea, nikasahau kwamba gunia la kimea hutandazwa sakafuni penye ubaridi ilhali chujio langu lilikuwa juu ya kabati chini ya bati. Nilipolifunua siku ya pili, utelezi na harufu vilinijibu kabla sijauliza. Kwa wenzetu wa Kigoma mjini na Ujiji, hewa ya kando ya Ziwa Tanganyika ina unyevu zaidi na jasho la chombo halikauki upesi, kwa hiyo matundu ya chini yaongezwe na kitambaa kibadilishwe kila siku.

Kufikia jioni ya siku ya pili, vimizi vitakuwa na urefu wa sentimita moja hadi mbili. Hapo ndipo kazi ya kuongeza antioksidanti inapoanza hasa.

Msukosuko wa makusudi

Njia iliyo bora kuliko zote kwa jiko la kawaida ni mwanga, nao haugharimu chochote. Wakuzaji wa biashara huotesha choroko gizani mwanzo hadi mwisho, wakiweka uzito juu yake, ili wapate mashina meupe, manene na yenye maji. Hayo ni mazuri kwa macho, lakini mche uliokulia gizani hauna sababu ya kujihami. Siku ya tatu asubuhi, baada ya kusuuza, ondoa kitambaa cha giza, funika kwa chandarua chepesi cha kuzuia inzi, na uweke chombo karibu na dirisha lenye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, kwa saa 8 hadi 12. Majani madogo yatafunguka na kugeuka kijani. Klorofili na karotenoidi zitaongezeka, na kwa kawaida vitamini C na flavonoidi vilevile. Gharama yake ni kwamba mashina huwa mafupi, magumu kidogo, na yenye uchungu kwa mbali. Mimi nauhesabu uchungu huo kuwa ushahidi kwamba kazi imefanyika, ingawa watoto wangu hawakubaliani nami. Jua la saa sita la Tabora lisitumike, kwani hukausha vimizi na kupika mche ukiwa hai.

Njia ya pili ni chumvi kidogo. Yeyusha nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaani gramu 3 hivi, katika lita moja ya maji safi, na utumie maji hayo badala ya maji matupu katika kusuuza kwa siku ya tatu pekee. Chumvi kidogo huufanya mche uhisi ukame na kuongeza fenoli. Usidhani kwamba kijiko kizima kitaleta faida maradufu: chumvi ikizidi, uotaji hudumaa na vimizi huwa vya kahawia, na usuuzaji wa mwisho lazima uwe wa maji matupu.

Njia ya tatu ni baridi ya muda mfupi, kwa wenye friji. Katika majaribio ya machipukizi ya adesi, saa moja katika nyuzi 4 za Selsiasi ilitumika kama kichocheo, kisha machipukizi yakarudishwa kwenye joto la kawaida yaendelee kukua. Ifanye asubuhi ya siku ya tatu kabla ya kuyapeleka dirishani. Usichanganye chumvi na baridi katika kundi moja la kwanza. Jaribu moja kwanza, ule, uone mche wako unavyopokea.

Watafiti hutumia pia taa za miale ya urujuanimno na peroksidi ya haidrojeni. Hizo ziachwe kwao. Taa hizo huumiza macho na ngozi, na kemikali inayokosewa kipimo jikoni haina faida itakayolipia hatari yake.

Muda wa kuvuna ni jioni ya siku ya tatu au asubuhi ya siku ya nne, kuhesabu kuanzia ulipomaliza kuloweka. Ukisubiri zaidi, vitamini C inaweza bado kupanda kwa siku moja hivi, lakini mizizi hutoa nyuzi, na kadiri siku zinavyozidi ndivyo vijidudu navyo vinavyopata nafasi. Usihangaike kuondoa maganda yote ya kijani yanayoelea. Sehemu nzuri ya flavonoidi imo humo.

Usalama

Joto na unyevu vinavyootesha choroko ndivyo vinavyozalisha bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani zaidi ya watu 3,800 waliugua na zaidi ya 50 walifariki kutokana na bakteria aina ya E. coli, na uchunguzi ulielekea kwenye machipukizi, huku mbegu za uwatu zikishukiwa kuwa chanzo. Uwatu ni wa jamii hii hii ya kunde. Bakteria hujificha katika nyufa za ganda, ambako kuosha hakufiki, na hakuna usafi wa jikoni unaowaondoa wote. Kwa sababu hiyo sishauri kula machipukizi mabichi, na kwa wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga hafifu nasema wazi kwamba yapikwe hadi moto uingie katikati. Yanayoteleza, yanayonuka uchachu au yaliyobadilika kuwa kahawia yatupwe yote, si kuchaguliwa.

Kutoipoteza faida kwenye sufuria

Kazi ya siku tatu inaweza kuharibiwa kwa dakika 20 za kuchemsha. Vitamini C huharibiwa na joto na huyeyukia majini, kwa hiyo machipukizi yachemshwe kwa mvuke, au yakaangwe haraka kwenye moto mkali, dakika 3 hadi 5, na kama kuna maji yaliyobaki yaingie kwenye mchuzi. Adui mkubwa jikoni kwetu ni magadi. Tumezoea kuyatia ili kunde na maharage viive upesi, lakini huharibu vitamini C na pia vitamini B1. Machipukizi ya choroko hayana haja nayo, kwani yalikwisha lainika yenyewe.

Pika kitunguu na nyanya kwanza, mimina machipukizi mwishoni, koroga, funika dakika chache, kisha tia karanga zilizosagwa ambazo uliziivisha pembeni. Limau likamuliwe sufuria ikishaipuliwa. Kigoma pana neema nyingine, yaani mawese: rangi yake nyekundu ni karotenoidi, ndani yake mna vitamini E, na mafuta hayo husaidia mwili kufyonza karotenoidi za majani ya kijani ya mche. Yasichomwe mpaka yawe meupe kama wafanyavyo wengine ili kuondoa harufu, kwa sababu rangi inayopotea ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Dagaa wachache juu yake hawaharibu kitu.

Liko jambo ambalo wanaosifia antioksidanti hulisahau. Fenoli na tanini zilezile tunazoziongeza huyashika madini ya chuma na kuyazuia yasifyonzwe, na kwa mama mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu hilo si dogo. Vitamini C hufanya kinyume chake, husaidia chuma kuingia, na hapo ndipo limau linapopata kazi ya pili. Embe bivu baada ya chakula hufanya vivyo hivyo. Chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo huo, bali saa moja au mbili baadaye, kwa sababu tanini za majani ya chai huongeza tatizo lilelile.

Kuhifadhi na kupokezana

Machipukizi yaliyovunwa yakauke maji ya juu, yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko katika friji, na yaliwe ndani ya siku mbili au tatu. Asiye na friji asihifadhi kabisa. Mpango unaofaa zaidi ni kuwa na machujio matatu madogo, kila moja na kikombe nusu cha choroko, likianzishwa siku moja baada ya jingine: la kwanza linapokuwa dirishani, la pili liko gizani likiwa na vimizi, na la tatu limetoka kulowekwa. Kila chombo kikimalizika kioshwe kwa sabuni, kimwagiwe maji yanayochemka na kuanikwa juani kabla ya kupokea mbegu nyingine, na punje ngumu zilizobaki chini bila kuota wapewe kuku.